Jinsi ya Kufuatilia Matukio ya Kung'atwa na Wanyama ili Kuzuia Kichaa cha Mbwa kwa Binadamu

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo, na kinachobaki kwa daktari ni kumpunguzia mgonjwa mateso. Hata hivyo, ni ugonjwa unaoweza kuzuiwa hata baada ya virusi kuingia mwilini, kwa sababu vikishapita kwenye jeraha huchukua muda kusafiri ndani ya mishipa ya fahamu hadi kufika kwenye ubongo. Muda huo kwa kawaida ni miezi miwili hadi mitatu, ingawa unaweza kuwa mfupi kama wiki moja au kufikia mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Wengi wa hao waliokufa walikuwa na siku za kutosha za kuokolewa, na kazi ya ufuatiliaji ni kuhakikisha kwamba siku hizo hazipotei bure.

Mwongozo huu unawahusu wahudumu wa afya wanaopokea majeruhi, wataalamu wa mifugo wanaoitwa kumkagua mnyama, na wahudumu wa ngazi ya jamii ambao mara nyingi ndio wa kwanza kusikia kwamba fulani ameumwa na mbwa. Jambo ambalo ningependa walishike wote ni kwamba kila tukio la kung'atwa lina pande mbili, yaani mtu na mnyama, na daftari linaloandika habari za mtu peke yake limefanya nusu ya kazi. Vituo vingi vya afya vinajua idadi ya watu waliochomwa chanjo mwezi uliopita, lakini ni vichache vinavyoweza kusema wanyama waliowang'ata waliishia wapi. Pasipo jibu hilo haiwezekani kujua ni watu gani wengine walio hatarini bila wao wenyewe kufahamu.

Kabla ya kuandika chochote

Uoshaji wa jeraha hutangulia usajili. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu kama iodini ikiwa ipo. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ni vyema mhudumu atazame saa badala ya kukisia. Aliyefika akiwa amepakwa pilipili, majani yaliyosagwa au kitu kingine chochote juu ya jeraha aoshwe upya bila kukemewa, maana anayekemewa leo hatarudi kwa dozi ya pili. Jeraha lisishonwe isipokuwa pale inapolazimu, na ikilazimu lishonwe kwa kulegeza baada ya sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari kupambana na virusi kabla mwili haujajitengenezea yake, kudungwa. Kinga ya pepopunda nayo izingatiwe.

Aliyeng'atwa hata kama amefika wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya tukio, asirudishwe nyumbani kwa madai kwamba amechelewa. Maadamu hajaonyesha dalili, anastahili kuanza chanjo kana kwamba ameng'atwa leo. Hali kadhalika ujauzito, kunyonyesha na utoto mchanga si sababu za kumnyima mtu chanjo.

Kumhoji aliyeng'atwa

Hapa ndipo ufuatiliaji unapopata au kupoteza thamani yake. Fomu nzuri huwa na jina, umri, jinsia, mahali anapoishi na namna ya kumpata tena. Tarehe ya kung'atwa na tarehe ya kufika kituoni, zikiwa katika safu mbili tofauti. Sehemu ya mwili iliyojeruhiwa. Na daraja la jeraha. Madaraja ni matatu. Daraja la kwanza ni kumgusa au kumlisha mnyama, au kulambwa mahali ambapo ngozi haina jeraha, na hali hiyo haihitaji chanjo endapo maelezo ni ya kuaminika. Daraja la pili ni kung'atwa kidogo juu ya ngozi isiyofunikwa au kukwaruzwa bila kutoka damu, na anayehusika huoshwa jeraha na kuanza chanjo mara moja. Daraja la tatu ni jeraha au mkwaruzo uliopenya ngozi, mate ya mnyama kuingia machoni, mdomoni au kwenye jeraha lililokuwepo, pamoja na kugusana na popo kwa namna inayoweza kuambukiza. Huyu huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazodungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Kingamwili hizo zikikosekana siku ya kwanza zinaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo. Baada ya hapo hazihitajiki, kwa kuwa mwili umeshaanza kujitengenezea kinga.

Maswali kuhusu mnyama ndiyo yanayohitaji ustadi zaidi, na nitayakawilia kidogo. Tuseme mama amefika na mtoto wa miaka sita mwenye mkwaruzo uliotoa damu mkononi.

"Mama, huyo mbwa mnamfahamu?"

"Namfahamu, daktari. Ni wa jirani yetu."

Mhudumu mwenye haraka ataandika "mbwa wa jirani" na kugeukia mgonjwa mwingine, akiamini kwamba mbwa anayejulikana hana hatari. Mhudumu anayefuata mwongozo ataendelea.

"Tangu amng'ate mtoto, mmemwona tena?"

"Hapana. Tangu siku ile hajaonekana, na jirani anasema kabla ya hapo alikuwa amekataa kula."

Kwa swali hilo moja la ziada tukio limebadilika kabisa. Mbwa aliyeacha kula, akang'ata, kisha akatoweka ni mbwa anayepaswa kuhesabiwa kuwa na kichaa hadi itakapothibitika vinginevyo, na huenda njiani ameng'ata wengine. Kwa sababu hiyo maswali yafuatayo yasiachwe hata pale msururu wa wagonjwa unapokuwa mrefu: mnyama ni wa aina gani, je, ana mwenyewe, je, alichokozwa au alivamia bila sababu, je, ameng'ata watu au wanyama wengine, je, alikuwa na tabia isiyo ya kawaida, yuko wapi sasa, yaani yu hai, amekufa, ameuawa au hajulikani alipo, na je, amewahi kuchanjwa. Kuhusu hilo la mwisho, kadi ya chanjo hupunguza wasiwasi lakini haiuondoi, hivyo isiwe sababu pekee ya kumwacha mtu bila kinga.

Kuhusu uchokozi pia inafaa kuwa mwangalifu. Mbwa aliyekanyagwa mkia au aliyenyang'anywa chakula ana sababu ya kung'ata, lakini mbwa mgonjwa naye anaweza kukanyagwa mkia. Jibu la swali hili lisaidie kupima uzito wa maelezo mengine, lisiamue peke yake. Vilevile watoto huficha matukio kwa kuogopa kuadhibiwa, kwa hiyo mtoto aulizwe kwa upole, na ikiwezekana aulizwe pia ni wenzake gani waliokuwa wakicheza naye.

Simu ambayo haipaswi kusubiri jioni

Maelezo yakishaonyesha kwamba mnyama anashukiwa, mhudumu wa afya ampigie simu mtaalamu wa mifugo wa eneo lake siku hiyohiyo, wala asingoje ripoti ya mwisho wa wiki. Namba hiyo iwe imebandikwa mahali chanjo inapotolewa, pamoja na ya mtu mbadala. Taarifa iwe fupi: mahali mnyama alipoonekana mara ya mwisho, maelezo ya umbo na rangi yake, jina la mwenye mnyama ikiwa linajulikana, na idadi ya waliong'atwa. Naye mtaalamu wa mifugo anapomaliza uchunguzi ana wajibu wa kurudisha majibu kituoni, kwa sababu majibu hayo yanaweza kubadilisha matibabu ya mtu. Nimeona mara nyingi kwamba mawasiliano haya huvunjika katika safari ya kurudi. Taarifa hutoka kituoni, uchunguzi hufanyika, na matokeo hubaki katika faili la idara ya mifugo. Njia rahisi ya kuliepuka hilo ni kila tukio kuwa na namba moja inayotumika katika madaftari yote mawili.

Siku kumi za mnyama

Mbwa au paka aliyemng'ata mtu, akiwa hai na akionekana mzima, afungwe au azuiliwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku kumi tangu siku ya kung'ata. Ikiwa ameng'ata tarehe 4, uangalizi utafikia tarehe 14, na tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari siku ileile ya kwanza. Sababu ya siku kumi inafaa ieleweke vizuri, kwa kuwa watu huitafsiri kupita kiasi. Virusi huanza kuonekana katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili, na mbwa aliyefikia hatua hiyo huugua na kufa ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo mbwa aliye hai na mzima siku ya kumi hakuwa na virusi katika mate yake siku alipong'ata, na aliyeng'atwa yuko salama kwa tukio hilo. Haimaanishi kwamba mbwa huyo hana virusi popote mwilini, maana anaweza kuwa aliambukizwa hivi karibuni na ugonjwa bado haujafika kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa aelekezwe kuendelea kumwangalia, na kama hajachanjwa achanjwe uangalizi unapokwisha.

Kanuni hii ni ya mbwa na paka. Isitumike kwa wanyamapori kama bweha, fisi au popo, ambao muda wa virusi kuonekana katika mate yao haujulikani kwa uhakika kama huo. Aliyejeruhiwa na hao aendelee na matibabu hadi mwisho, isipokuwa maabara ithibitishe kwamba mnyama hakuwa na ugonjwa.

Zaidi ya yote, uangalizi wa siku kumi haucheleweshi chanjo. Huenda hili ndilo kosa linaloua zaidi, nalo hufanywa na watu wenye nia njema wanaotaka kutunza akiba ya dawa. Aliye katika daraja la pili au la tatu huanza chanjo siku ya kwanza, wakati mnyama akiangaliwa, na mnyama akibaki mzima hadi siku ya kumi dozi zilizosalia zinaweza kusitishwa.

Anayemwangalia mbwa afundishwe dalili zenyewe. Wengi wanamtarajia mbwa mkali anayekimbia ovyo huku akitokwa na mate na kung'ata mawe, miti na vyuma, na kweli wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaougua kimyakimya: hujificha gizani, hukataa kula, sauti yao ya kubweka hubadilika na kuwa ya kukwaruza, taya la chini hulegea na kubaki wazi, kisha miguu ya nyuma hupooza. Mbwa wa aina hii huleta hatari ya pekee, kwa sababu mwenyewe akiona mdomo umebaki wazi na mate yanatiririka hudhani kwamba mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono kuutafuta. Mkono huo ukiwa na mchubuko mdogo tu, tayari ni daraja la tatu, ilhali hakuna aliyeng'atwa na hakuna atakayefika kituoni. Kwa hiyo mtaalamu wa mifugo anapokuta mbwa wa namna hii aulize wanafamilia wote ni nani aliyemshika, aliyemlisha kwa mkono au aliyelambwa kwenye kidonda.

Mwenye mbwa naye ahudumiwe kwa heshima. Akihisi kwamba mgeni amekuja kumtafutia kesi, atamficha mbwa au atamuua usiku na kumzika, na kwa hofu hiyo ushahidi wote utapotea. Aambiwe kwa uwazi kwamba lengo ni kumlinda mtoto aliyeng'atwa na watu wa nyumbani kwake mwenyewe.

Mnyama akifa au akiuawa

Ubongo wa mnyama ndio unaotoa jibu la uhakika, kwa hiyo asipigwe kichwani, asichomwe moto wala asizikwe kabla ya mtaalamu kufika. Sampuli ichukuliwe na mtu aliyefunzwa, ambaye yeye mwenyewe amechanjwa dhidi ya ugonjwa huu, akiwa amevaa glavu, barakoa na miwani ya kujikinga, kisha ihifadhiwe katika ubaridi na kufungashwa kwa namna isiyovuja hadi maabara. Joto huozesha ubongo haraka, na sampuli iliyooza ikitoa jibu la kutokuwepo kwa virusi haipaswi kuaminiwa. Mwananchi wa kawaida afanye jambo moja tu, nalo ni kuwazuia watu, mbwa na paka wengine wasiufikie mzoga.

Maabara ikithibitisha ugonjwa, au mnyama mwenye dalili akitoweka kabla ya kuchunguzwa, waliong'atwa wote watafutwe nyumba kwa nyumba katika njia aliyopita, pamoja na mbwa, paka na mifugo aliowang'ata. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi na mhudumu wa jamii akiandamana na mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa mmoja anawajua watu na mwingine anajua la kufanya na wanyama. Wanyama walioumwa hushughulikiwa kwa mujibu wa sheria za afya ya mifugo za nchi husika.

Kumfuata mtu hadi dozi ya mwisho

Ratiba hutegemea njia ya uchomaji. Kwa sindano ndani ya ngozi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mililita 0.1 katika sehemu mbili za mwili siku ya 0, ya 3 na ya 7, ambapo siku ya 0 ni siku ya dozi ya kwanza. Kwa sindano ya msuli, ratiba mojawapo ni siku ya 0, ya 3, ya 7 na dozi ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Sindano hizo huchomwa begani, au pajani kwa watoto wadogo, na si kwenye makalio. Aliyewahi kupata chanjo kamili hapo awali hupewa siku ya 0 na ya 3 tu, bila kingamwili.

Tarehe zote ziandikwe kwenye kadi ya mgonjwa na kwenye daftari kwa mara moja, na kila asubuhi mhudumu atazame ni nani anayetarajiwa siku hiyo. Asiyefika apigiwe simu kesho yake. Akirudi amechelewa ratiba iendelee pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Anapoacha, sababu iandikwe kama ilivyo, iwe ni gharama, umbali au kuambiwa kwamba dawa imekwisha, kwa sababu matatizo hayo matatu yana suluhisho tofauti.

Kusoma kilichomo daftarini

Mara moja kwa wiki, afya na mifugo wakae pamoja wapitie mistari ambayo haijafungwa. Mstari hufungwa pale tu hatima ya mtu na hatima ya mnyama zote zinapojulikana, au pale inapoandikwa wazi kwamba mnyama alitafutwa na hakupatikana. Mnyama naye awekewe hadhi moja: hana ugonjwa, anashukiwa, ana uwezekano mkubwa wa kuwa nao, au amethibitishwa na maabara.

Idadi ya waliong'atwa isisomwe haraka. Inaweza kupanda kwa sababu ugonjwa umeenea, lakini pia inaweza kupanda baada ya kampeni ya uhamasishaji, wakati ugonjwa wenyewe unapungua. Kushuka kwake kunatisha zaidi, maana mara nyingi huanza wiki ileile chanjo inapokwisha kituoni, watu wanapoambiana kwamba hakuna haja ya kwenda. Kwa sababu hiyo idadi isomwe pamoja na akiba ya chanjo, na pamoja na hadhi za wanyama. Matukio 30 ambayo mbwa wote walikuwa hai siku ya kumi yana maana tofauti kabisa na matukio manne ambayo mbwa wote walikufa. Ishara za kuchukuliwa hatua mara moja ni mnyama mmoja kung'ata watu wawili au zaidi, mnyama aliyeng'ata kufa ndani ya siku kumi, na mnyamapori kuingia katika makazi na kuwavamia watu mchana.

Mahali ambapo wanyama wanaoshukiwa hurudi kuonekana ndipo chanjo ya mbwa inapohitajika kwanza. Lengo linalokubalika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, na ramani ya matukio hayo huonyesha ni vijiji au mitaa ipi iliyorukwa kampeni ilipopita.

Na pale mtu anapofariki akiwa na dalili za kuogopa maji au upepo, au kwa kupooza kusikoeleweka, hali ambayo huonekana kwa takriban asilimia 20 ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa na kudhaniwa kuwa ugonjwa mwingine, familia iulizwe kuhusu kung'atwa katika kipindi cha angalau mwaka mmoja uliopita. Daftari nalo lifunguliwe kwa kipindi hichohicho, ili ijulikane kama marehemu aliwahi kufika kituoni, alikatizwa wapi, na kama kuna mwingine aliyeng'atwa na mnyama yuleyule ambaye bado hajapata chanjo.